Kizuri Hakijiuzi

Nani alituambia kizuri chajiuza? Huyo hakuwahi kuajiriwa Nairobi.

Mwaka wangu wa pili kazini niliandika ripoti ya kurasa 40. Wiki tatu nzima, nikitoka ofisini saa nne usiku, matatu zimeshapandisha nauli. Siku ya kikao bosi aliisoma kama yake, wafadhili wakapiga makofi, mimi nikawa napanga chupa za maji. Nilinyamaza. Nyumbani nilifunzwa kwamba kujisifu ni kukosa adabu, na mamangu hakukosea. Ila yeye alikuwa anaongea juu ya majirani, si juu ya mshahara.

Tuache kuuita uoga unyenyekevu. Sheria ya Hakimiliki ya 2001 inampa mwajiri umiliki wa ulichoandika kazini, sawa, lakini kifungu cha 32 kinakuachia haki ya kutambuliwa kuwa mwandishi. Yaani hata Bunge lilijua jina lina thamani yake. Basi weka lako ukurasa wa kwanza. Kila Ijumaa mwandikie bosi: nimemaliza hiki, kimebaki kile. Wenzako watasema unajishaua. Wacha waseme.

Ripoti yangu ilimpandisha cheo mtu ambaye hadi leo hajui ukurasa wa 12 unasema nini.