Njia Zilikuwepo, Mpaka Ukaja

Kila akija kiongozi Tunduma, hakosi kuapa kwamba njia za panya zitazibwa. Anapigiwa makofi, anapanda gari, anaondoka. Kesho yake alfajiri mama mwenye debe la maharage kichwani anaelekea Nakonde, upande wa Zambia, palepale alipopita bibi yake.

Sasa hapo mvamizi ni nani? Wanyamwanga walioana na kuzikana pande zote mbili kabla hajatokea Mzungu na rula yake. Mpaka huu ulikubaliwa Berlin, Julai 1890, na ulipopitishwa, Waingereza walihakikisha barabara yao inabaki upande wao. Ndiyo, barabara! Ile ya Stevenson, tajiri wa Glasgow aliyejitolea fedha mwaka 1881 ili mizigo ivushwe kati ya Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika. Sehemu kubwa yake wala haikumalizika. Lakini njia ya tajiri ilitungiwa mkataba; ya mkulima inatumiwa mgambo.

Ninyi viongozi mtasema kuna magendo. Yapo, tena mengi. Ila sukari ya lori zima haibebwi kichwani, na mnajua hivyo. Tangu 2019 tuna kituo cha pamoja cha forodha, kizuri kweli, kwa malori yaendayo Lusaka na Lubumbashi. Mwenye debe moja akapange foleni nyuma ya shaba ya Kongo?

Mama wa Namanga au Mutukula ana cheti chepesi cha Jumuiya ya Afrika Mashariki kwa bidhaa zisizozidi thamani ya dola 2,000. Zambia haimo humo. Zambia na Malawi nazo zina utaratibu wa wafanyabiashara wadogo chini ya soko la pamoja la COMESA, ambalo sisi tulijitoa mwaka 2000. Mama wa Tunduma kadondokea katikati, halafu tunashangaa anakatiza vichakani!

Kaeni na Wazambia. Chagueni njia tatu nne za zamani, kila moja muiwekee karani, meza na daftari. Mwenyeji aonyeshe kitambulisho, aandikwe, avuke. Mzigo ukizidi kiasi mlichokubaliana, aelekezwe forodhani. Gharama yake haifikii hata posho za misafara ya kuja kutuapia. Na kama hamtaki, semeni wazi mnamlinda nani, maana kwa hali ilivyo anayenufaika ni yule anayejibanza njiani gizani na kupokea buku mbili mbili.