Uboreshaji wa tovuti za biashara kwa injini za utafutaji

Uboreshaji wa tovuti kwa injini za utafutaji, unaojulikana kwa kifupi kama SEO, ni kazi ya kupanga maandishi, muundo na viungo vya tovuti ili ionekane mapema katika orodha ya majibu mtu anapotafuta jambo kwenye Google, Bing au injini nyingine. Kazi hiyo ni tofauti na kununua tangazo, kwa sababu nafasi katika majibu ya kawaida hailipiwi. Kwa wafanyabiashara wa miji kama Tanga, nchini Tanzania, suala hili linahusu nani anafikiwa na mteja asiyepita mtaani kwao.

Jinsi inavyofanya kazi

Injini ya utafutaji hutuma programu zinazosoma kurasa za wavuti, huzihifadhi katika faharasa yake, kisha huzipanga kila swali linapoulizwa. Google ilianzishwa mwaka 1998 na Larry Page na Sergey Brin. Wazo lao la awali lilikuwa kwamba kiungo kutoka tovuti moja kwenda nyingine ni kama kura, na kura ya tovuti inayoaminika ina uzito zaidi. Baadaye vigezo vingi viliongezwa. Mnamo Aprili 2015 Google ilianza kuzipa nafasi bora kurasa zinazosomeka vizuri kwenye simu pale utafutaji unapofanywa kwa simu. Badiliko hilo lina uzito Afrika Mashariki, ambako watu wengi huingia kwenye intaneti kwa simu kuliko kwa kompyuta.

Mfano wa Ngamiani

Ngamiani ni eneo la Jiji la Tanga lenye kata tatu: Ngamiani Kaskazini, Ngamiani Kati na Ngamiani Kusini. Barabara zake nyingi hujulikana kwa namba, na pembeni yake kuna maduka, mafundi, migahawa na nyumba za wageni. Mwenyeji huelekezwa kwa mdomo: "barabara ya ngapi, karibu na nani". Mgeni anayetoka Moshi au Mombasa hana wa kumuuliza, hivyo huiuliza simu.

Biashara nyingi ndogo hutegemea makundi ya WhatsApp na kurasa za mitandao ya kijamii. Njia hizo huwafikia wanaoijua biashara tayari, lakini maongezi ya WhatsApp hayasomwi na injini za utafutaji. Nyumba ya wageni isiyo na tovuti wala anwani kwenye ramani huweza kupatikana tu kupitia tovuti za mawakala wa kimataifa, ambao hukata kamisheni kwa kila chumba kinachouzwa. Sehemu ya mapato hayo hubaki nje ya mji.

Suala la lugha

Maneno yanayotumiwa na mteja si lazima yawe yale ya mwenye tovuti. Tovuti inaweza kuandika "malazi" kwa Kiingereza pekee, huku mteja akiandika "gesti Tanga" au "nyumba ya kulala wageni". Neno "hoteli" nalo lina utata, kwani kwa Watanzania wengi ni mahali pa kula.

Jina la mji lenyewe lina shida yake. Kwa Kiswahili tanga ni kitambaa cha chombo cha baharini, na katika lugha kama Kireno na Kijerumani neno hilo ni jina la vazi la ndani. Kwa hiyo ukurasa unaotaja "Tanga" pekee hauielezi injini vya kutosha. Ukitaja pia Ngamiani, Tanzania, namba ya barabara, saa za kazi na huduma yenyewe, utata hupungua. Kwa kuwa kurasa za Kiswahili kuhusu huduma za mitaani bado ni chache, ukurasa mfupi ulioandikwa kwa uwazi unaweza kuonekana bila gharama kubwa.

Mipaka na hatari

Baadhi ya watoa huduma huahidi nafasi ya kwanza kwa malipo. Google yenyewe hueleza kwamba hakuna anayeweza kuhakikisha nafasi hiyo. Mbinu za udanganyifu, kama kununua viungo au kuficha maneno, huweza kuleta adhabu. Mwaka 2006 Google iliiondoa kwa muda tovuti ya Kijerumani ya kampuni ya magari BMW kwa kutumia kurasa za kuihadaa injini. Kampuni kubwa hustahimili pigo hilo; fundi mwenye tovuti moja huweza kupoteza wateja wa msimu mzima.

Tangu mwaka 2024 Google imeanza pia kuonyesha muhtasari ulioandikwa kwa akili bandia juu ya orodha ya majibu. Msomaji akiridhika na muhtasari, huenda asifungue tovuti yoyote. Hata hivyo, muhtasari huo hutegemea kurasa zilizopo: biashara ambayo haijaandikwa popote haiwezi kutajwa humo.