Moduli si debe la taka

Wasee wa Ruby, sikizeni. Kuna ushauri unazunguka: ukiona kitu kinajirudia kwenye programu yako, tupa ndani ya moduli, maisha yasonge. Mimi napinga, na kovu ninalo.

Hapa Malinya niliwaandikia akina mama programu ya chama. Klasi moja, Mwanachama. Moduli mbili, Akiba na Mkopo, nikaziingiza zote kwa include. Shida ni kwamba kila moja ilikuwa na mbinu inayoitwa salio. Ruby haikulia, haikunionya. Ilichukua tu ile iliyoingizwa mwisho, yaani Mkopo. Siku ya mkutano, mama ambaye hajawahi kukopa hata bob akaonyeshwa salio sufuri. "Kijana, pesa zangu ziko wapi?" Jaribu kujibu hilo swali mbele ya chama kizima.

Najua kuna wajuaji watasema, "Si ungetumia urithi tu?" Zii. Kwanza, mtoto akirudia jina la mbinu ya mzazi, ya mzazi inafunikwa kimyakimya vilevile. Pili, kwa Ruby klasi ina mzazi mmoja. Mweka hazina anaweka akiba, anakopa, na bado anashika vitabu. Utamzalisha kutoka kwa nani? Ukijenga ukoo wa vizazi vitano, ukimgusa babu, wajukuu wote wanaugua.

Angalia isukuti yetu, ile UNESCO iliiweka mwaka 2014 kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka. Inapigwa harusini, inapigwa matangani. Harusi haikuzaa matanga. Ni shughuli mbili zimeazima ngoma moja. Na ngoma inajua kazi yake: haipiki chai, haikusanyi michango. Hiyo ndiyo moduli.

Matz, yaani Yukihiro Matsumoto, aliyeitoa Ruby kwa umma mwaka 1995, tayari ametuwekea mfano ndani ya lugha yenyewe. Comparable inakuomba kitu kimoja: andika <=>. Ukiipa, inakurudishia <, >, between? na zingine. Enumerable inaomba each, inakupa map, select, sort. Ombi dogo, zawadi kubwa. Sasa linganisha na ile moduli yako inaitwa Msaada, iko na mbinu arobaini zisizojuana.

Kama huwezi kusema kazi ya moduli kwa sentensi moja, usiiandike. Jina liwe wazi: salio_la_akiba ni refu, lakini halidanganyi. Kisha andika Mwanachama.ancestors uone foleni ambayo Ruby inafuata ikitafuta mbinu. Ni mstari mmoja tu, na ungeniokoa.

Pesa za yule mama zilikuwepo muda wote. Lakini usiku ule hakulala, na sababu ni uvivu wangu wa kutafuta majina mawili. Usiniambie hiyo ni hitilafu ndogo.