Kijiti cha muhogo kinaweza kumpotezea mkimbizi mwaka mzima

Huku Simi-Simi, familia iliyokimbia mapigano haiulizi maswali mengi ikikopeshwa kipande cha shamba. Inaomba vijiti vya muhogo kwa jirani, inapanda, inangoja. Tangu Februari 2023, ugomvi wa Wambole na Walengola ulipofukuza watu Lubunga, wengi wameanza upya namna hiyo. Lakini kijiti kinaweza kuja na mdudu ao ugonjwa ndani yake, na wanaogawa mbegu kwa wakimbizi wanapaswa kujibu kwa hilo.

Anayedharau mdudu mdogo aulize habari ya miti ya sipre. Mwaka 1986 chawa wa mimea aliyetoka ng'ambo alionekana Malawi. Kufika 1990 alikuwa tayari Kenya. Alinyonya utomvu wa matawi, majani yakageuka kahawia, miti ikakauka ingali imesimama. Mashamba ya mbao na nyua za nyumba ziliharibika nchi baada ya nchi.

Sisi wenyewe tulionja. Karibu mwaka 1973, mdudu mweupe kama unga, asili yake Amerika ya Kusini, alionekana kwenye mihogo upande wa Kinshasa na Brazzaville. Upepo ulimbeba, na vijiti vya kupanda vilimbeba mbali zaidi. Sombe lilijikunja, mizizi ikabaki myembamba. Kilichookoa Afrika ni nyigu mdogo kutoka Paraguay, anayetaga mayai ndani ya mdudu huyo. Aliachiliwa Nigeria mwaka 1981, kisha katika nchi nyingine nyingi, na mtaalamu Hans Herren alipewa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 1995 kwa kazi hiyo. (Nyigu huyo haumi mtu, mama akimuona shambani amuache.)

Leo shida kubwa ni nzi weupe wanaojificha chini ya majani. Wao wanabeba mozaiki, ile inayotia jani madoa ya njano na kulipindapinda. Wanabeba pia ugonjwa wa michirizi ya kahawia, ambao uko tayari mashariki mwa Congo. Huo ni mbaya zaidi kwa sababu shina linaweza kuonekana zuri huku muzizi umeoza ndani, mgumu na wa kahawia, haufai hata kwa fufu.

Wengine watasema mwenye njaa hawezi kungoja kijiti safi. Ni kweli ana haraka. Lakini muhogo unachukua miezi tisa mpaka kumi na miwili, na mwenye shamba hatamuongezea mkimbizi musimu wa pili kwa huruma. Mwenyeji akipoteza mavuno ana shamba lingine, mkimbizi hana.

Kwa hiyo, kabla ya kugawa, wagawaji waende shambani vijiti vinakotoka, wang'oe mashina machache, wakate mizizi katikati na kuangalia. Shamba lenye mozaiki liachwe. INERA ya Yangambi iko karibu kilometa 100 tu kushuka mto. Serikali ya jimbo ilipie mafuta ya baleinière na kuleta wataalamu Kisangani kabla ya kupanda. Na familia inayoletewa fungu la vijiti iwe na haki ya kuuliza vimetoka shamba la nani, na kuvikataa, bila kufutwa kwenye liste ya msaada.