Kinywe Kiko Ruangwa, Penseli Iko Wapi?

Chini ya udongo wa wilaya ya Ruangwa, kusini mwa Tanzania, kuna kinywe. Watu wa maeneo ya Nachu na Matambarale wamekwishazoea magari ya watafiti wa madini, vigingi vya mipaka na vikao vya fidia, na mazungumzo yote huishia kwenye betri za magari ya umeme. Ni nadra kusikia mtu akikumbusha kwamba kinywe hichohicho, kikisagwa, kikachanganywa na udongo wa mfinyanzi na kuchomwa, ndicho kile kiini cheusi cha penseli. Mfaransa Conté alibuni njia hiyo mwaka 1795 na hadi leo viwanda vinaifuata: udongo ukizidi, penseli huwa ngumu na hafifu, kinywe kikizidi, huwa laini na nyeusi ti.

Katika wilaya hiyohiyo ipo Narung'ombe, nchi ya mikorosho na ufuta, inayotajwa katika vitabu vya historia kwa mapigano makali ya Julai 1917 kati ya majeshi ya Uingereza na ya Wajerumani. Huko, kama ilivyo katika vijiji vingi vya kusini, mtoto anayejua kuchora hujulikana mapema. Ndiye anayeitwa kuchora ramani ya Tanzania kwenye ukuta wa darasa. Akikua kidogo, ndiye anayeandika bango la kinyozi na kuchora kuku wa kukaanga kwenye ukuta wa mgahawa. Watu humsifu: huyu ana kipaji. Na maneno huishia hapo.

Neno hilo kipaji limewaponza wachoraji wengi. Linamfanya kijana aamini kwamba mkono wake umekwishafika, na linamfanya jirani yake, ambaye mistari yake bado imepinda, aweke penseli chini moja kwa moja. Hakuna anayemwambia fundi cherehani kwamba alizaliwa anajua kukata suti. Kwa nini mchoraji peke yake aonekane kashushiwa ufundi wake?

Ushahidi wa karibu zaidi kwamba kuchora ni kazi ya kujifunza unatoka Tunduru. Mchoraji Edward Saidi Tingatinga alizaliwa huko mwaka 1932, akafanya kazi katika mashamba ya mkonge Tanga, kisha akahamia Dar es Salaam kutafuta riziki. Alianza kuchora mwaka 1968, akiwa na miaka 36, umri ambao wengi wamekwishajiambia kwamba wamechelewa. Hakupita katika chuo chochote cha sanaa. Alitumia hadibodi za mraba na rangi ya kupaka baiskeli, na picha zikauzwa nje ya Morogoro Stores, Oysterbay. Polisi walimuua kwa risasi kwa kumdhania mhalifu mwaka 1972. Miaka minne tu, na jina lake likawa jina la mtindo mzima wa uchoraji.

Kilichoufanya mtindo huo uishi baada yake ni kazi ya kila siku. Tingatinga aliwafundisha ndugu na jamaa, akina Simon Mpata, January Linda, Ajaba Abdallah na Kasper Tedo. Nao wakawafundisha wengine, hadi chama cha ushirika cha wachoraji hao kikaundwa mwaka 1990. Mwanafunzi alikaa kando ya mwalimu wake. Kwanza alipaka rangi ya nyuma ya picha, kisha akajaza nukta na madoa ya chui, baadaye sana ndipo akaruhusiwa kuchora mnyama mwenyewe. Mkono ulizoea brashi kwa maelfu ya nukta. Huo ni uanagenzi wa kweli, na unastahili heshima.

Lakini una upungufu wake, na ni vema kuusema waziwazi kwa sababu vijana wa kusini ndio warithi wake. Soko la watalii linataka picha ileile: twiga chini ya mbuyu, tembo, tausi. Mchoraji anayemchora twiga huyo kwa mara ya mia tano ana kasi ya ajabu, ila pengine ni miaka tangu amtazame mnyama yeyote aliye hai. Mkono unafanya kazi, jicho limelala. Elimo Njau, mchoraji mzaliwa wa Marangu aliyechora michoro ya ukutani katika kanisa la Murang'a na kuanzisha kituo cha Paa ya Paa jijini Nairobi mwaka 1965, aliifanya kuwa kauli yake kwamba kunakili kunamlaza Mungu usingizi. Ni kauli kali. Hata hivyo inapaswa kusomwa kwa haki, kwa kuwa kunakili kazi ya mwalimu ni hatua halali ya mwanzo. Vincent van Gogh, alipoamua kuwa mchoraji akiwa na miaka 27, alinakili kurasa za kitabu cha mazoezi cha Charles Bargue, akamaliza, akarudia tena. Ila hakubaki humo. Alitoka nje akawachora wachimba makaa na wakulima waliokuwa mbele yake.

Kwa mchoraji wa Narung'ombe, cha kutazama kimejaa tele. Kuna bibo, lenye korosho inayoning'inia chini kama figo. Alichore bibo moja kwa dakika kumi, kesho alichore tena limegeuzwa, keshokutwa lililokatwa. Kuna mkorosho wenye matawi yaliyopishana ovyo: badala ya kuhangaika na kila tawi, achore umbo la anga lililobaki kati ya tawi na tawi, na matawi yatajitokeza yenyewe mahali pake. Ili apime urefu, anyooshe mkono wote, afumbe jicho moja, apime kwa penseli kichwa cha mtu aliyeketi, kisha ahesabu kichwa hicho kinaingia mara ngapi hadi unyayoni. Wengi hushangaa hapo, kwa kuwa kichwa walichokuwa wakichora siku zote ni kikubwa mno. Na kuku? Kuku hatulii. Achorwe kwa sekunde ishirini, mstari wa mgongo na shingo tu, karatasi nzima ya kuku ambao hawajakamilika. Zoezi hilo linaudhi, na ndilo linalofungua mkono kuliko yote.

Asiye na penseli hajazuiwa. Vijiti vyembamba vikavu vikifungiwa katika kopo la bati lenye tundu dogo, kopo likawekwa motoni hadi moshi uishe, likaachwa lipoe bila kufunguliwa, hutoa mkaa mzuri wa kuchorea.

Uwezo wa kuchora haukuletwa kusini juzi. Mwaka 1906 Mjerumani Karl Weule, mtaalamu wa makumbusho ya Leipzig, alipita kutoka Lindi hadi Masasi na Newala, na kuwapa wapagazi na wenyeji penseli na karatasi. Michoro yao aliichapisha katika kitabu chake cha mwaka 1908. Zaidi ya miaka 110 imepita tangu watu hao wa kusini wapewe penseli na kuonyesha kwamba wanaiweza.

Lililokosekana ni mwendelezo. Wachora katuni wa magazeti wanajua siri hiyo vizuri. Godfrey Mwampembwa, yaani Gado, aliacha masomo ya usanifu majengo Dar es Salaam, akajiunga na gazeti la Nation la Nairobi mwaka 1992. Gazeti halimsubiri mchoraji apate hamu. Kila siku lina nafasi tupu inayotakiwa kujazwa kabla ya mitambo kuwaka. Kijana wa kijijini hana mhariri wa kumgongea mlango. Anahitaji kitu kingine cha kumshika kila siku.

Hapo ndipo kinywe kinaporudi. Sheria ya Madini, baada ya marekebisho ya mwaka 2017, inazitaka kampuni za uchimbaji ziandae mipango ya kuwajibika kwa jamii na kuipeleka kwa halmashauri ili iidhinishwe. Fedha za mipango hiyo huelekezwa kwenye madarasa, zahanati na visima, na ni sawa kabisa. Lakini daftari la karatasi nyeupe na penseli mbili, moja ya HB na moja ya 4B, kwa kila mwanafunzi wa shule za msingi za Ruangwa, pamoja na nusu saa ya kuchora baada ya vipindi, ni gharama ndogo isiyoweza kuidhuru bajeti ya mpango wowote wa aina hiyo. Madiwani wakiketi kuujadili mpango unaofuata, mstari huo uandikwe. Mwalimu wa Narung'ombe hatahitaji kutafuta cha kuwachoresha watoto. Mkorosho upo nje ya dirisha.