Reli mpya ikija, stesheni kongwe ya Kampala itabaki na nani?

OKTOBA 2024 Serikali ya Uganda ilitia saini mkataba na kampuni ya Yapi Merkezi ya Uturuki kujenga reli ya kisasa ya kilomita 272 kutoka Malaba hadi Kampala, kwa gharama ya Euro bilioni 2.7. Wengi wanahesabu malori yatakayopungua barabarani. Wachache wanauliza: ile stesheni kongwe iliyo bondeni, kati ya Barabara ya Kampala na Nsambya, itabaki na kazi gani?

Swali hili si la wapenda mambo ya kale tu. Reli iliyoanzia Mombasa mwaka 1896 ilifika Kisumu mwaka 1901, lakini Kampala ilingoja hadi 1931, baada ya daraja la Mto Nile kujengwa Jinja. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, Uganda iliunda shirika lake la reli. Miaka ya mwisho ya 1990 treni za abiria zilikoma, na ni Desemba 2015 ndipo safari fupi za Namanve zilipoanza.

Jirani zetu Wakenya wameshapita njia hii. Treni ya kisasa ilipozinduliwa Mei 2017, vituo vyake vilijengwa pembeni: Miritini kwa Mombasa, Syokimau kwa Nairobi. Treni ya usiku iliyounganisha stesheni za zamani ikafa. Ile ya Nairobi haikufa nayo, kwa sababu treni za mjini ziliendelea kuleta abiria, wakiwamo wanaotoka Syokimau.

Marekani nako kuna mafunzo. New York, kampuni ya reli iliyokuwa inapoteza abiria kwa magari na ndege ilianza kubomoa Pennsylvania Station mwaka 1963, jengo lililofunguliwa 1910. Treni zilibaki chini ya ardhi. Juu ukajengwa ukumbi wa michezo. Hasira ya wananchi ilichangia jiji kutunga sheria ya kulinda majengo mwaka 1965, na sheria hiyo ndiyo iliyoiokoa Grand Central katika Mahakama Kuu ya nchi hiyo mwaka 1978.

Detroit treni ya mwisho iliondoka Michigan Central mwaka 1988. Jengo likawa gofu hadi kampuni ya Ford ilipolinunua mwaka 2018. Lilipofunguliwa upya mwaka 2024 lilipendeza kweli, ila halikuwa na treni.

Kwa hiyo sheria hulinda kuta, lakini abiria ndio wanaolinda stesheni. Kampala, ambako ardhi ya katikati ya jiji inagombewa kama mpira wa kona, jengo lisilo na abiria halikosi mnunuzi. Na likishauzwa, kinachopotea si matofali tu. Ni njia ya reli inayoingia hadi moyoni mwa jiji lililokabwa na foleni, njia ambayo leo hakuna fedha ya kuinunua upya.

Wanaopanga reli ya kisasa waeleze mapema, kwa maandishi, jinsi abiria wake watakavyounganishwa na treni za mjini zinazoishia stesheni ya zamani. Wakingoja hadi reli ikamilike, wenye fedha watakuwa wameshaamua. Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao.