Kiharusi: Dakika hupotea hospitalini, si barabarani

Na Mwandishi Wetu

MGONJWA wa kiharusi anapochelewa kufika kwenye hospitali kubwa, lawama za kwanza huelekezwa kwenye foleni na umbali. Takwimu kutoka Marekani zinaonyesha kuwa sehemu kubwa ya muda huo hupotea kabla safari haijaanza, mgonjwa akiwa kitandani katika hospitali ya kwanza.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2023 katika jarida la kitabibu la JAMA ulichunguza zaidi ya wagonjwa 108,000 wa kiharusi waliohamishwa kati ya mwaka 2019 na 2021. Nusu yao walikaa dakika 174 au zaidi, yaani karibu saa tatu, kabla ya kuondoka. Lengo lililopendekezwa lilikuwa dakika 120, na walioondoka ndani ya muda huo walizidi robo kidogo tu.

Uzito wa dakika hizo ni mkubwa. Kwa makadirio ya mwaka 2006, bonge la damu linapoziba mshipa mkubwa wa ubongo, seli za neva milioni 1.9 hufa kila dakika. Dawa ya kuyeyusha bonge hutolewa kwa kawaida ndani ya saa nne na nusu, lakini mara nyingi haitoshi pale mshipa mkubwa unapoziba. Hapo madaktari hupitisha mrija mwembamba ndani ya mshipa, aghalabu kuanzia kwenye kinena, hadi ubongoni na kulitoa bonge. Majaribio yaliyochapishwa mwaka 2015 yalithibitisha ubora wa tiba hiyo. Hata hivyo, hospitali zenye wataalamu wake ni chache, na ndiyo maana mgonjwa hulazimika kupewa rufaa.

Tatizo ni kwamba kazi hufanywa kwa zamu. Mgonjwa hupigwa picha ya ubongo, picha husubiri kusomwa, kisha daktari hutafuta hospitali ya kumpokea. Baada ya hapo ndipo gari la wagonjwa huitwa, ilhali lililomleta limekwisha kuondoka.

Utafiti huo ulibaini kuwa pale wahudumu wa gari walipoitaarifu hospitali mapema, muda wa kusubiri ulikuwa mfupi zaidi. Aidha, wanawake, wagonjwa weusi na wazee wa miaka 80 na zaidi walisubiri muda mrefu kuliko wengine, jambo ambalo haliwezi kuelezwa kwa umbali wa barabara.

Ipo njia nyingine, nayo ni kuipita hospitali ya karibu. Mwaka 2010, jiji la London lilikusanya huduma za saa za mwanzo za kiharusi katika vituo vinane, na magari yakaagizwa kwenda huko moja kwa moja. Tathmini ya mwaka 2014 ilionyesha kuwa vifo vilipungua kuliko ilivyotarajiwa kwa kulinganisha na maeneo mengine ya Uingereza.

Lakini London ni jiji ambalo vituo hivyo haviko mbali. Katika jimbo la Catalonia, Hispania, jaribio lililochapishwa mwaka 2022 liliwahusu wagonjwa walio mbali na vituo vikubwa. Halikuona tofauti ya maana ya ulemavu kati ya waliopelekwa moja kwa moja na waliopitia hospitali za karibu. Hospitali hizo za karibu zilikuwa zimezoea kuwaondoa wagonjwa haraka.

Hapo ndipo penye fundisho. Kupita hospitali ya kwanza si lazima, iwapo hospitali hiyo inajua kuharakisha. Simu inayopigwa mgonjwa akiwa njiani, picha inayotumwa papo hapo kwa mtaalamu, na gari linalosubiri mlangoni hadi majibu yatoke, hayo yote hayahitaji jengo jipya. Yanahitaji mtu mmoja aliyekabidhiwa saa na kuulizwa kila dakika imekwenda wapi.